Kupimwa Kabla ya Michezo

Amani ni mahali padogo katika milima ya Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza, penye misitu mikubwa, mashamba ya chai, na ukungu unaokaa mabondeni hata jua lipande. Barabara ya kwenda huko hupinda mara nyingi, na msafiri atokaye Muheza hupanda yapata kilomita 30 kabla ya kufika. Jina la Amani lajulikana mbali, kwa sababu mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko kituo cha kuchunguza mimea na kilimo. Walakini somo hili halihusu miti wala chai. Lahusu watoto waliopapaswa tumbo na waganga, na sababu ya kumpapasa mtoto vivyo hivyo kabla hajaingia uwanjani kucheza mpira.

Mwaka 1949 kilianzishwa Muheza kituo cha kuchunguza malaria kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, na baada ya miaka michache kikahamishiwa Amani. Aliyekiongoza alikuwa Daktari Bagster Wilson. Tangu mwaka 1954 watu wa kituo hicho walifanya kazi kubwa katika nchi ya Upare na Taveta, ambako nyumba zilipigwa dawa ya kuua mbu, na watoto wakapimwa mara kwa mara ili ijulikane kama malaria inapungua. Siku hizi kazi ya namna hiyo iko mikononi mwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kituo chake kilichoko Muheza bado kinaitwa Amani.

Wachunguzi hao walipotaka kujua malaria imeenea kiasi gani katika kijiji, waliwaita watoto wadogo, wakawapapasa mmoja mmoja upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Walikuwa wakitafuta bandama, ambayo wengine huiita wengu. Njia hii ni ya zamani. Daktari Dempster aliitumia Bara Hindi katika miaka ya 1840, kabla mtu yeyote hajajua kwamba malaria huletwa na mbu. Bandama ya mtu mzima wa afya imefichwa nyuma ya mbavu, wala haiguswi kwa kidole. Kazi yake moja ni kuchuja damu na kuondoa chembe zilizoharibika. Mtu apatapo malaria mara kwa mara, chembe nyingi za damu huharibika, na bandama, kwa kazi nyingi, huvimba. Huteremka chini ya mbavu, na pengine hufika karibu na kitovu. Basi mchunguzi alihesabu watoto wenye bandama kubwa katika kila 100, akajua hali ya kijiji kizima. Katika vijiji vya chini, penye joto na mbu wengi, hesabu ilikuwa kubwa kuliko huko juu penye baridi.

Yeye alihesabu ili aijue nchi. Lakini kwa mtoto mwenyewe bandama iliyovimba ina jambo jingine la kuangaliwa, hasa akiwa mchezaji. Ikiwa mahali pake, bandama inalindwa na mbavu kama yai ndani ya tundu. Ikiisha kuteremka haina kinga tena, na ngozi yake imekuwa nyembamba kwa kuvutwa. Goti la mchezaji mwingine, au kiwiko, au kuangukia jiwe, kwaweza kuipasua. Ikipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, wala nje halionekani jeraha hata moja. Mtoto huinuka, hujifuta vumbi, husema si kitu. Baada ya muda huona maumivu upande wa kushoto, na mara nyingine, jambo la ajabu, maumivu hayo huhisiwa juu ya bega la kushoto. Hugeuka rangi, hutoka jasho la baridi, huona kiu. Asipofikishwa hospitali upesi hufa.

Na mtoto huyo huenda alikuwa hodari wa mbio. Hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa kudhani kwamba mgonjwa lazima awe amelala. Watoto wa nchi za malaria huizoea homa. Hukaa siku 2 nyumbani, hurudi shuleni, hucheza. Mwalimu akiwatazama katika mstari hawezi kumtofautisha mwenye bandama kubwa na asiye nayo. Mkono wa mganga wamtambua kwa dakika moja tu. Mtoto hulala chali, hukunja magoti ili tumbo lilegee, huvuta pumzi ndefu, na mganga huweka vidole chini ya mbavu za kushoto. Bandama ikiwa kubwa huja yenyewe kugonga vidole. Haihitaji umeme wala mashine.

Aliyeonekana nayo hafukuzwi katika michezo maisha yake yote. Hupimwa damu, hupewa dawa, na hukatazwa michezo ya kugongana, kama mpira wa miguu na mieleka, mpaka mganga aipapase tena na kuona imerudi mahali pake. Yaweza kuwa wiki chache, yaweza kuwa miezi. Ikiwa haipungui, sababu nyingine hutafutwa, kwa maana si malaria peke yake inayovimbisha bandama. Kichocho cha tumbo nacho hufanya hivyo, na magonjwa kadhaa ya damu.

Bandama imetangulia kwa kuwa habari zake ni za Amani, lakini mganga apimaye wanafunzi kabla ya michezo hutazama mengi. Huwapima urefu na uzito. Hutazama macho, kama weupe wake umegeuka manjano, na ndani ya kope, kama pamepauka kwa upungufu wa damu. Mtoto aliyepungukiwa na damu hutweta upesi, na wenzake humwita mvivu. Hushika mkono na kuhesabu mapigo. Moyo wa kijana aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Hufunga kitambaa mkononi, hukijaza hewa, hupima nguvu ya damu. Hukunja magoti, vifundo vya miguu na mabega, ili aone kama jeraha la zamani limepona. Kisha husikiliza kifua, na hapa hukaa kimya zaidi kuliko mahali pengine.

Chombo anachosikilizia, stetoskopu, kilianza kwa karatasi. Mwaka 1816, mjini Paris, mganga Mfaransa aliyeitwa Laennec alitakiwa kumpima msichana mgonjwa wa moyo. Wakati ule waganga waliweka sikio juu ya kifua cha mgonjwa, naye aliona haya kumfanyia msichana hivyo. Akachukua karatasi, akaikunja kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na upande mwingine sikioni, akashangaa kusikia moyo waziwazi kuliko alivyopata kuusikia. Baadaye akachonga bomba la mti.

Anachosikia mganga ni milango ikifungwa. Moyo una vyumba 4 na vilango 4, ambavyo huacha damu ipite mbele na kuizuia isirudi nyuma. Mtu mzima akiwa amekaa, moyo wake husukuma yapata lita 5 za damu kila dakika; akikimbia kwa nguvu hufika lita 20, au zaidi. Kilango kizima hufunga kwa mlio mfupi. Kilichoharibika huvuja, na mganga husikia kama upepo unaopita penye ufa wa dirisha. Si kila upepo ni ugonjwa, kwa kuwa hata mioyo mizima ya watoto hutoa mlio huo mara nyingi. Lakini kila mmoja wastahili kuchunguzwa.

Katika Afrika Mashariki vilango vya moyo wa mtoto huharibika zaidi kwa jambo dogo, nalo ni maumivu ya koo. Kuna kijidudu kiletacho koo lenye homa, na koo lenyewe hupona baada ya siku chache. Lakini kwa baadhi ya watoto mwili, katika kupigana na kijidudu hicho, hujidhuru wenyewe. Baada ya wiki 2 au 3 viungo huvimba na kuuma, mara goti, mara kiwiko, na wakati huohuo vilango vya moyo hupata makovu. Ugonjwa huo ni homa ya baridi yabisi. Viungo hupona. Vilango mara nyingi havirudi kama vilivyokuwa, na kila homa mpya huongeza kovu juu ya kovu. Mtoto huishi hivyo miaka mingi bila kujua, mpaka siku moja mbio zikimzidi pumzi, au akiwa msichana, mpaka siku ya kubeba mimba.

Kwamba kuwatafuta watoto hawa kwafaa kulionekana huko Uganda ya kaskazini, upande wa Gulu. Waganga waliwapima watoto 102,200 kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo huonyesha moyo ukipiga katika kioo. Katika walioonekana na dalili za mwanzo za ugonjwa wa vilango, watoto 818, wa miaka 5 hadi 17, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walichomwa sindano ya penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2. Fungu la pili waliangaliwa tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Waliochomwa sindano ambao ugonjwa wao ulizidi walikuwa 3. Katika wale wengine walikuwa 33. Watoto hawa hawakuwa na habari kwamba wana kasoro. Walikuwa wakicheza kama wengine.

Kuna ugonjwa mwingine wa moyo, usioletwa na kijidudu, unaorithiwa katika ukoo. Nyama ya moyo huwa nene kupita kiasi, na wakati wa mbio mapigo huweza kuvurugika ghafla. Moyo hutetemeka badala ya kusukuma, na mtu huanguka. Tarehe 26 Juni 2003, katika mji wa Lyon, Ufaransa, Kameruni ilikuwa ikicheza na Kolombia. Katika dakika ya 72 Marc-Vivien Foé, mchezaji wa Kameruni mwenye umri wa miaka 28, alianguka katikati ya uwanja, pasipo mtu karibu yake. Alikufa siku ileile. Waganga walipoufungua mwili wake waliona ugonjwa huo wa nyama nene. Vifo vya uwanjani si habari za Ulaya peke yake. Mwezi wa Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao ya Mwanza alianguka wakati wa mchezo akafa. Baada ya kifo cha Foé shirika la mpira la dunia liliagiza wachezaji wote wapimwe kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2006.

Wataliani walikuwa wametangulia. Mwaka 1982 Italia iliweka sheria kwamba kijana yeyote atakaye kushindana katika michezo apimwe kwanza, si kwa kuulizwa na kusikilizwa kifua tu, bali pia kwa chombo kinachochora mapigo ya moyo juu ya karatasi. Chombo hicho kilibuniwa na Mholanzi Einthoven mwanzoni mwa karne ya 20. Katika jimbo la Veneto hesabu ilifanywa kwa miaka mingi. Kabla ya sheria, katika kila wachezaji vijana 100,000 walikufa ghafla kwa moyo 3.6 kwa mwaka. Ilipofika mwaka 2004 walikuwa 0.4. Ni tofauti kubwa sana.

Hata hivyo waganga hawajapatana. Wa Marekani wengi hushikilia kwamba maswali, kusikiliza kifua na kupima nguvu ya damu vyatosha kwa kuanzia, kwa sababu mchoro wa karatasi huweza kumtia mashaka kijana mzima. Jambo hili lawahusu Waafrika kuliko wengine, maana imeonekana kwamba mioyo ya wachezaji weusi, ingawa ni mizima, mara nyingi hutoa michoro inayofanana na ya wagonjwa. Asomaye karatasi bila kulijua hilo aweza kumwondoa mchezoni mtoto asiye na ugonjwa wowote. Tena kipimo hakioni yote. Katika Uingereza vijana 11,168 wa mpira walipimwa moyo kati ya mwaka 1996 na 2016, kwa maswali, kwa mchoro na kwa mawimbi ya sauti. Waliogunduliwa kuwa na magonjwa yawezayo kuua ghafla walikuwa 42, na hao waliweza kutibiwa au kuonywa. Lakini katika miaka iliyofuata 8 katika wale wote waliopimwa walikufa ghafla kwa moyo, na 6 katika hao 8 walikuwa wameambiwa kwamba hawana neno. Magonjwa mengine hayaonekani katika miaka 16, huonekana miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo kupimwa mara moja hakutoshi.

Shule iliyo milimani haina mashine ya mawimbi wala chombo cha kuchora mapigo, na haitakuwa navyo upesi. Lakini maswali inayo, na watu huyadharau kwa kuwa hayana bei. Huko Kilosa, katika mkoa wa Morogoro, wachunguzi wa kichocho waliwapa walimu karatasi za maswali, wanafunzi wakaulizwa magonjwa waliyoyaona kwao wenyewe, na kama wamekojoa damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Shule ambazo watoto wengi walijibu ndiyo ndizo shule ambazo vipimo vya mkojo vilionyesha kichocho kingi. Watoto walisema kweli, na kweli yao ilikuwa karibu sawa na darubini, kwa gharama ndogo sana.

Lakini wale hawakuwa na sababu ya kuficha. Mchezaji anayo. Siku za kuchagua timu ya UMITASHUMTA zikikaribia, kila mtoto hodari wa mbio huogopa neno moja litakaloliondoa jina lake. Mfano wake ni huu, wa mvulana wa darasa la saba aliyeingia chumba cha mganga, mwalimu wake akiwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umewahi kuzimia?"

"La, mama."

"Umewahi kuona kizunguzungu ukikimbia, hata ukaanguka au ukaketi?"

Mvulana akamtazama mwalimu, asijibu. Yule mama akaona. Akasema, "Mwalimu, tafadhali utungojee nje kidogo." Mlango ulipofungwa akauliza tena.

"Mara mbili, mama. Tulipokuwa tukipanda kilima kwa mbio."

"Ulianguka ulipokwisha kusimama, au ungali ukikimbia?"

"Nilikuwa ningali nikikimbia. Niliona giza, kisha nikajiona niko chini."

"Mbona hukumwambia mwalimu?"

"Angalinitoa katika timu."

"Kwenu yuko mtu aliyekufa ghafla angali kijana?"

"Mjomba wangu. Watu husema alirogwa."

"Alikuwa akifanya nini siku ile?"

"Alikuwa akipanda mlima, amebeba gunia la majani ya chai."

Mama akaandika maneno yote. Kisha akasema, "Sijui mjomba wako alikufa kwa nini, wala sisemi kwamba wewe u mgonjwa. Lakini utakwenda Tanga, Hospitali ya Bombo, wakuangalie moyo. Nitamwandikia baba yako barua."

"Na mchezo wa Jumamosi, mama?"

"Jumamosi utashika daftari, uandike mabao."

Mvulana hakufurahi, na yule mama hakumtaka afurahi. Maswali aliyouliza hayakuwa ya kubahatisha. Mtu aonaye kizunguzungu baada ya kusimama, mara nyingi damu imeshuka miguuni tu, na akilala hupata nafuu. Aangukaye katikati ya mbio ni mwingine kabisa. Huyo hatakiwi kukimbia tena hata mara moja kabla ya kupimwa. Maumivu ya kifua wakati wa mbio, moyo kwenda mbio bila mpango, na kutweta kupita wenzake wa umri mmoja, hayo nayo huulizwa.

Na swali la ukoo ni gumu kuliko yote. Katika nyumba nyingi kijana akifa shambani au njiani pasipo ugonjwa uliojulikana, husemwa ni kazi ya mtu, na baada ya matanga jambo halizungumzwi tena mbele ya watoto. Mganga hana haja ya kubishana na wazee juu ya hilo. Anachotaka ni kujua kwamba kifo kilitokea, marehemu alikuwa na umri gani, na alikuwa akifanya nini. Mtoto mara nyingi hajui. Mama yake ajua, na bibi yake ajua zaidi. Ndiyo maana karatasi ya maswali yafaa kupelekwa nyumbani kwanza, isomwe mbele ya wazazi, kabla ya siku ya kupimwa.

Maradhi mengine hujulikana nyumbani lakini shuleni hayatajwi. Mtoto mwenye pumu aweza kucheza vizuri akiwa na dawa yake ya kuvuta mfukoni, ila baridi na ukungu wa asubuhi, kama ule wa Amani, huweza kumbana kifua. Mwenye kifafa hukimbia kama wengine. Asiogelee peke yake. Mwenye ugonjwa wa seli mundu ataka uangalifu zaidi. Hukadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto 11,000 hivi wenye ugonjwa huo kila mwaka, na hao jua kali, kiu, baridi na kuchoka sana vyaweza kuwaletea maumivu makali ya mifupa na kifua. Wapewe maji mara nyingi, wapumzike wanapotaka, wala wasilazimishwe mbio ndefu kwa adhabu. Ugonjwa huu na malaria vina ujamaa: mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi mbegu hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na kwa sababu hiyo imebaki kwa wingi katika nchi za malaria.

Ikiwa pamoja na hayo yote mchezaji ameanguka, hagongwi na mtu, haitiki, na hapumui au anakoroma kwa kukatakata, basi moyo umesimama. Asimwagiwe maji, wala asinyweshwe kitu. Mmoja apige simu kutafuta msaada, na mwingine apige magoti kando yake, aweke kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, abonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Tarehe 17 Machi 2012 Fabrice Muamba, aliyezaliwa Kinshasa, alianguka hivyo mjini London akiichezea Bolton. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Watu walibonyeza kifua chake uwanjani na ndani ya gari, wakaushtua moyo mara nyingi kwa mashine ya umeme, mpaka ukarudi. Hakucheza tena mpira wa mashindano, lakini aliishi.

Mashine hiyo iko katika viwanja vikubwa. Katika viwanja vya milimani haimo, na gari litokalo Hospitali Teule ya Muheza lina kona nyingi za kupanda. Ubongo usiopata damu huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, kwa hiyo mikono ya kwanza ni ya wale waliokuwa wakicheza pamoja naye. Mwanafunzi mkubwa wa darasa la saba ana nguvu ya kutosha kubonyeza kifua kwa dakika 2. Kisha mwenzake humpokea, na wa tatu baada yake, na kuendelea hivyo mpaka gari lifike.